Kutoka Hoteli ya Fermeda Hadi Soko la Wajir

Agosti 1969, Waafrika 18 walikutana katika hoteli ya Fermeda, milimani Tyrol Kusini, kaskazini mwa Italia. Sita walitoka Kenya, sita Ethiopia, sita Somalia. Hakuna aliyetumwa na serikali yake. Wengi wao walikuwa wasomi, watu ambao wangeweza kutamka yale ambayo mabalozi hawathubutu kuyagusa. Mwenyeji wao alikuwa Leonard Doob, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, na mada aliyowaitia ilikuwa mipaka ya Pembe ya Afrika, mada iliyokuwa bado inanuka baruti.

Ajabu ni kwamba siku za mwanzo hawakuigusa mipaka yenyewe. Waligawanywa makundi mawili ya watu tisa tisa, kila kundi likiwa na watatu wa kila nchi, wakakalishwa duara bila mwenyekiti wala ajenda. Kazi yao ilikuwa kutazama kinachotokea baina yao wenyewe: nani anamkatiza nani, nani ananyamaza likitajwa jina la nchi yake, nani anatupa jicho kutafuta wa kumuunga mkono kabla hajafungua mdomo. Doob na wenzake waliamini kuwa aliyekwisha kuona jinsi ugomvi unavyomea katika chumba cha watu tisa ataweza kuuona unavyomea kati ya mataifa.

Ndani ya yale makundi mawili, dawa ilionekana kufanya kazi. Watu walizoeana, wakatukanana kidogo, wakasameheana, na kila kundi likafika mahali pa kuwa na mapendekezo yake juu ya ardhi inayogombewa. Makundi yalipokutanishwa ukumbini yatoe kauli moja, kazi yote ikabomoka. Waliokuwa wamesikilizana asubuhi wakarudi kuwa Wakenya, Waethiopia na Wasomali kabla ya jioni. Wakaondoka bila mpango wa pamoja. Tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo Rais Abdirashid Ali Shermarke wa Somalia akauawa kwa risasi, na siku sita baadaye jeshi chini ya Siad Barre likatwaa nchi. Fermeda ikabaki kitabu, kilichotoka mwaka uliofuata.

Hata hivyo, kisa hicho hakistahili kusahaulika, kwa sababu sehemu ya ardhi iliyojadiliwa kule milimani ilikuwa kaskazini mwa Kenya. Katika ardhi hiyohiyo, miaka 24 baadaye, kikundi cha wanawake wasiokuwa na hoteli wala profesa kilifanya kazi ya aina ileile. Yao ilidumu.

Fani ya kufundisha watu kuutazama ugomvi wao kwa pamoja ilianza kama ajali. Mwaka 1946, tume ya jimbo la Connecticut iliyoshughulikia mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali ilimwomba Kurt Lewin awasaidie kuwafunza viongozi wa mitaa. Lewin alikuwa Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 Hitler alipoingia madarakani, na mama yake aliuawa katika maangamizi ya Wayahudi. Kwake chuki ya makundi haikuwa somo la vitabuni. Mafunzo yalifanyika katika chuo cha ualimu mjini New Britain. Mchana washiriki walijadiliana na watafiti wakaandika waliyoyaona. Usiku watafiti walijifungia kusomeana maandishi hayo.

Washiriki wachache wakaomba kuingia kwenye kikao cha usiku. Lewin akawaruhusu. Mtafiti mmoja alipoanza kueleza alivyomwona mwanamke fulani akifanya mchana, mwanamke huyo, aliyekuwa amekaa palepale, akamkatiza: sivyo ilivyokuwa. Mabishano yakaanza. Lewin badala ya kukasirika alifurahi, na usiku uliofuata washiriki wengi zaidi walikuja. Hapo ndipo ilipogunduliwa kuwa watu hujifunza zaidi wanapokizungumza kilichotokea baina yao kuliko wanapohubiriwa juu ya ubaguzi. Lewin alifariki Februari 1947. Wenzake waliendelea kiangazi cha mwaka huo katika mji mdogo wa Bethel, jimbo la Maine, na kutoka hapo mtindo wa kukaa duara bila ajenda ukaenea vyuoni, makanisani na katika makampuni, hadi ukamfikia Doob.

Kuna jaribio jingine ambalo walimu wa fani hii hawaachi kulisimulia. Mwaka 1954 Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki, aliwapeleka wavulana 22 kwenye kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, akawagawa makundi mawili na kuyashindanisha. Kwa siku chache tu watoto ambao hawakuwa na kisa chochote wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana vibandani. Kisha akawapa shida ambazo kundi moja peke yake lisingeziweza, kama vile maji ya kambi kukatika, na uadui ukapungua. Kinachosimuliwa kwa nadra ni jaribio la mwaka uliotangulia, katika jimbo la New York. Huko watoto waliachwa kwanza wakawa marafiki, ndipo wakatenganishwa. Watafiti walijaribu kila hila kuwagombanisha na watoto wakakataa. Sherif hakulitangaza sana jaribio hilo, nalo ndilo lenye mafunzo zaidi kwa mtu anayetaka kuelewa yaliyotokea Wajir.

Wajir ipo katika eneo ambalo Waingereza waliliita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Kabla ya uhuru wa Kenya, tume iliyotumwa mwaka 1962 iliripoti kuwa Wasomali wengi wa eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Machi 1963 Uingereza ikaamua vinginevyo: eneo litakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na London. Kabla mwaka haujaisha, hali ya hatari ilitangazwa, na vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga, vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda. Vita viliisha, sheria za hatari hazikuondoka. Ziliendelea kuutawala mkoa huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Wanaotazama historia hiyo kutoka Nairobi huona pande mbili tu, serikali na Wasomali. Ukikaa Wajir unaona pande nyingi. Kuna Waajuran, Wadegodia na Waogaden, na koo nyingine ndogo ndogo. Wadegodia wengi waliingia eneo hilo mwanzoni mwa karne ya 20 wakiwa wageni wa Waajuran, kwa desturi inayoitwa sheegat: mgeni hupewa maji na malisho, naye hujiita kwa jina la mwenyeji na kusimama upande wake vitani. Uhusiano wa aina hiyo huwa mtamu mvua zikinyesha. Ukoo mgeni ukiongezeka, ukaanza kutaka kisima chake na chifu wake, kilichokuwa ukarimu hugeuka deni lisilolipika.

Tena katika mila ya Wasomali, ugomvi wa watu wawili haubaki wa watu wawili. I. M. Lewis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeandika juu ya wafugaji wa kaskazini mwa Somalia mwaka 1961, alionyesha jinsi kundi la ndugu wanaolipa na kupokea dia (fidia ya mauaji) kwa pamoja lilivyo msingi wa siasa yote. Mtu akiua, jamaa zake wote wanawiwa. Kwa hiyo mzee wa Kisomali aliyekaa chini ya mgunga, akitaja nasaba kizazi baada ya kizazi ili kujua nani alipe ngamia wangapi, alikuwa tayari ana ramani ya ugomvi kichwani. Alijua damu moja ikimwagika ni uhusiano upi unakatika na upi unakazwa. Watu wa warsha waliokuja na karatasi na kalamu hawakuleta jambo geni kabisa, ingawa baadhi yao walijidai hivyo.

Februari 1984, jeshi liliingia Wajir kwa madai ya kuwanyang'anya Wadegodia silaha katika mzozo wao na Waajuran. Wanaume wa Kidegodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakashikiliwa siku kadhaa chini ya jua bila maji, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi idadi ya serikali ilikuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema katika ripoti yake ya 2013 kwamba waliokufa wanakaribia 1,000. Wagalla iliharibu zaidi ya uhusiano wa raia na dola. Iliacha pia swali chungu kati ya majirani: nani alijua, nani alinyamaza, nani alinufaika.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka. Bunduki zikavuka mpaka na wakimbizi wakazifuata, huku ukame ukimaliza mifugo. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ukatia petroli: kiti cha Wajir Magharibi kikatoka mikononi mwa Waajuran kikaenda kwa Wadegodia. Mgeni sasa alikuwa mbunge. Mapigano yakawa ya kulipizana, na yakafika sokoni.

Soko la Wajir lilikuwa la wanawake. Walio wengi walikuwa wamezaliwa katika ukoo mmoja na kuolewa katika mwingine, kwa hiyo kila mapigano yalimweka mama mmoja kati ya kaka zake na wanawe. Sasa wauzaji wa ukoo huu wakawa hawawauzii wa ukoo ule. Mwanamke angeweza kukataliwa maziwa kwa sababu ya jina la mumewe. Miongoni mwa walioona hatari hiyo mapema alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964. Baadaye alikuwa akisimulia usiku aliolala chini ya kitanda na mtoto wake risasi zikilia nje, na mama yake akamkumbusha kwamba naye alimficha Dekha vivyo hivyo alipokuwa mchanga, wakati wa vita vya shifta. Katika kizazi kizima hali ilikuwa haijabadilika.

Mazungumzo ya kutafuta suluhu yalianzia kwenye shughuli ya harusi, mahali ambapo wanawake wa koo zote walikuwa na ruhusa ya kukaa pamoja bila kushukiwa. Walikuwa wachache, pengine hawakufika kumi na wawili. Hawakuanza kwa tamko la amani. Walijiuliza ni wapi ugomvi unawagusa kila siku na wao wana uwezo wa kufanya nini, na jibu la yote mawili likawa sokoni. Wakakubaliana kuwa mwanamke yeyote wa ukoo wowote ataruhusiwa kuuza na kununua, wakateua wa kusimamia, na kila tukio la mtu kusukumwa au kunyimwa bidhaa likawa linaletwa kwao na kusuluhishwa siku hiyohiyo. Lilikuwa jambo dogo. Lakini mahali pa kwanza palipogawanyika ndipo walipoparudisha kwanza, nao hawakuomba ruhusa ya mwanamume yeyote.

Kisha wakatazama juu. Bila wazee wa koo hakuna amani itakayodumu, na mila haikumruhusu mwanamke kusimama katika baraza lao. Hapa ndipo uchambuzi wao ulipoonyesha ukali wake. Walifahamu kwamba mzee wa ukoo mkubwa akiita kikao, wa ukoo mwingine ataona mtego. Basi wakaenda kwa wazee wa koo ndogo, wasioweza kumtisha mtu, na mmoja wao, mzee wa ukoo mdogo kuliko zote, ndiye aliyewakabili wenzake akauliza vita hivi vina maana gani. Mtu asiyehesabika kwa wingi wa bunduki alipata nafasi ambayo wenye bunduki hawakuwa nayo. Mwanasiasa angeiita mbinu. Wanawake wale walikuwa wakisoma tu nani anaweza kusikilizwa na nani.

Wazee walikutana mara kadhaa, na Septemba 1993 wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah: wizi wa mifugo uripotiwe na mifugo irudishwe, aliyeumia alipwe, na koo zisiwafiche wahalifu wao. Baada ya wazee ikawa zamu ya vijana waliokuwa porini na silaha. Hao waliuliza swali ambalo hakuna azimio linalolijibu: tukiziweka bunduki chini tutakula nini? Wanawake wakaenda kwa wafanyabiashara kutafuta fedha na kazi. Kila hatua ilifichua mtu mwingine ambaye hawakuwa wamemfikiria mwanzoni. Mwaka 1995 makundi yote, pamoja na maafisa wa serikali, yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ikiwekwa ndani ya mfumo wa wilaya, na mkuu wa wilaya akaiongoza. Kamati ilikuwa na timu ya dharura yenye wazee, wanawake, viongozi wa dini na askari. Ikisikika kwamba mtu ameuawa kisimani, timu ilipanda gari na kwenda, kabla habari haijapata muda wa kukua njiani.

Katika miaka hiyohiyo, wafunzaji wa fani hii duniani walikuwa wakibishana juu ya jambo moja. John Paul Lederach, Mmarekani wa kanisa la Wamennonite aliyekuwa amefanya kazi Amerika ya Kati na kati ya Wasomali, aliandika mwaka 1995 kwamba kuna namna mbili za kufundisha. Moja humjia mwanafunzi na mapishi yaliyokamilika. Nyingine huanza kwa kumuuliza jinsi kwao watu wanavyogombana na kupatana, kisha hujenga juu ya jibu. Aliona pia kwamba mgogoro hubadilisha vitu vinne kwa wakati mmoja: mtu mwenyewe, uhusiano wake na wengine, mpangilio wa jamii, na utamaduni. Wanaoshughulikia kimoja tu hushangaa kuona vitatu vinawarudia. Baadaye kisa cha Wajir kilikuwa miongoni mwa visa alivyovisimulia zaidi.

Dekha mwenyewe alijiunga mwishoni mwa miaka ya 1990 na shirika la Responding to Conflict la Birmingham, lililozaliwa katika mazingira ya Waquaker wa Uingereza. Mwaka 2000 yeye na wenzake watano, wakiongozwa na Simon Fisher, walitoa kitabu cha mafunzo kiitwacho Working with Conflict. Ukiingia leo kwenye warsha ya amani Bukavu, Garissa au Bujumbura ukakuta watu wamechuchumaa juu ya bango kitita wakichora maduara, kuna uwezekano mkubwa zoezi hilo limepitia kitabu hicho, hata kama mwezeshaji hajakiona.

Zoezi lenyewe lina kanuni chache. Kila upande huchorwa kwa duara, kubwa kwa mwenye nguvu, dogo kwa mnyonge. Mstari mnyoofu ni ukaribu, mistari miwili ni ushirika, mstari wa nukta ni uhusiano hafifu, mshale ni ushawishi, mstari wa kupinda pinda ni uhasama, na uliokatwa ni uhusiano uliovunjika. Pembeni huwekwa vivuli vya walio mbali lakini wenye mkono katika jambo. Na mchoraji sharti ajichore naye. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayowatoa watu jasho, hasa wafanyakazi wa mashirika na viongozi wa dini, ambao wamezoea kujiona wakiwa nje ya karatasi.

Mtu akiichora Wajir ya 1992 kwa alama hizo, mstari wa kupinda pinda kati ya Ajuran na Degodia utakuwa wa kwanza, na mchoraji mvivu ataishia hapo. Aendelee kidogo, ataweka mkuu wa wilaya na mshale wenye shaka, mbunge mpya na mbunge wa zamani, wauza silaha wa ng'ambo ya mpaka, jeshi likiwa na kivuli cha 1984 nyuma yake. Kisha, akikumbuka, atachora mistari myembamba ya ndoa inayopita katikati ya uhasama wote. Mistari hiyo haimo katika ripoti za usalama. Bila hiyo, hakuna soko, na bila soko hakuna Al-Fatah.

Zana nyingine ni mstari wa nyakati. Pande mbili huandika miaka muhimu, upande mmoja juu ya mstari na mwingine chini yake, kisha husomeana. Si vigumu kubashiri yatakayotokea Wajir: kwa Mdegodia mwaka 1984 utakuwa na wino mwingi, na kwa Mwajuran uchaguzi wa 1992 utakuwa mwaka wa kunyang'anywa. Lengo si kupata historia moja. Kila mmoja auone mwaka ambao kwake ni kawaida na kwa jirani ni msiba. Zoezi la kitunguu humenya kile mtu anachodai hadharani ili kufikia anachokitaka, na chini zaidi kile asichoweza kuishi bila kuwa nacho. Nyuma ya mengi ya haya kuna kazi ya Johan Galtung, Mnorwe aliyeanzisha taasisi ya utafiti wa amani mjini Oslo mwaka 1959, ambaye pembetatu yake hutenganisha matendo, fikra za chuki, na hali inayoyazaa yote mawili.

Ukilinganisha Fermeda na Wajir, tofauti haiko katika ujuzi wa wawezeshaji. Doob alikuwa na wataalamu bora wa zama zake, na alichokitaka, watu waone ugomvi unavyowageuza, kilitokea kweli chumbani. Lakini washiriki walizoeana na watu ambao wasingekutana nao tena, kisha wakarudi kwa watu ambao hawakuwa wamebadilika. Mwaka 1972 Doob alifanya jaribio kama hilo na wakazi 56 wa Belfast, Wakatoliki na Waprotestanti, mjini Stirling, Scotland. Hao angalau walirudi mji mmoja, lakini kukazuka lawama kwamba walirudishwa kwenye vita wakiwa wamevuliwa kinga zao bila msaada wa kutosha. Wanawake wa Wajir walichambua asubuhi na jioni wakanunua maziwa kwa mtu waliyemchambua. Wavulana wa New York waliokataa kupigana wangewaelewa.

Kipimo kikubwa kilikuja baada ya matokeo ya uchaguzi wa Kenya kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahamishwa makwao. Siku zilezile Dekha, balozi Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande, na George Wachira waliunda Wananchi Wanaojali Amani, wakawa wanakutana hoteli ya Serena, Nairobi. Kila asubuhi mlango ulikuwa wazi kwa mwenye habari au wazo; watu walikaa, wakapanga nani yuko karibu na nani, nani anaweza kumpigia simu nani, kisha wakagawana kazi. Dekha alikuwa amepata Tuzo ya Right Livelihood miezi michache kabla. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya gari iliyomuua pia mumewe na dereva wao.

Mapatano ya 2008, yaliyomaliza machafuko hayo, yalitaka kamati za amani ziundwe katika wilaya zote za Kenya, kwa mfano uliotoka kaskazini. Hapo fani ikapata cheo, na pamoja na cheo ikapata posho. Yeyote aliyehudhuria warsha za namna hii anajua mshiriki wa kudumu, anayekijua kitunguu kuliko mwezeshaji na ambaye hajasuluhisha hata ugomvi wa mbuzi. Ramani iliyochorwa kwa ajili ya ripoti ya mfadhili huwa nadhifu mno. Iliyochorwa na wanaogombana huwa imefutwafutwa, na wakati mwingine imechanika.

Hata ramani nzuri ina ukingo wake. Oktoba 1998, wakati kamati ya Wajir ikisifiwa kila mahali, wavamizi kutoka upande wa jamii jirani ya Waborana waliwaua Wadegodia zaidi ya 100 huko Bagalla, karibu na mpaka wa wilaya. Kamati ilikuwa imejengwa juu ya mahusiano ya ndani ya Wajir. Hawa hawakuwa ndani ya duara lolote. Mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya ugatuzi kuleta magavana na bajeti, Wagarre na Wadegodia walipigana kati ya Mandera na Wajir, maelfu wakahama. Kiti kilichogombewa kilikuwa kikubwa kuliko cha 1992, na mahusiano yalikuwa yamejipanga upya kukizunguka.

Na kuna lililowarudia wanawake wenyewe. Aprili 2001 wazee wa koo za kaskazini walikutana Modogashe na kuandika kanuni za pamoja za malisho, maji na silaha, nyingi zikiwa na mizizi katika Al-Fatah. Katika kipengele cha dia waliweka ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na ngamia 50 kwa mwanamke. Wanaharakati na mawakili walipinga, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, ikaruhusu usuluhishi wa kimila kwa sharti usikiuke haki za msingi. Wazee wengi walijibu kwamba kesi ya mahakamani huchukua miaka na ngamia hulipwa kabla maiti haijasahaulika, na kwamba bila malipo kutakuwa na kisasi. Mjadala huo haujafungwa. Katika vikao vinavyouendeleza, wanawake wa Wajir, walioanzia harusini na sokoni, sasa wanakaa katika kamati, na kipengele cha ngamia 50 kinawahusu wao moja kwa moja.